UZI: Luol Deng aliibeba Chicago Bulls miaka kumi, wakamtoa kwa mchezaji ambaye hakuvaa hata jezi yao

Fahali wa Arua aliandika:

Wakuu, salaam kwenu nyote mnaopenda kikapu, kuanzia Lugogo hadi huku kwetu West Nile.

Ubishi wa Waafrika bora waliowahi kucheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ukianza, majina huwa ni yale yale: Olajuwon, Mutombo, siku hizi Embiid. Hao sina neno nao. Lakini Luol Deng akitajwa, hutajwa kama rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini, yule mtu wa suti aliyewapeleka vijana Olimpiki ya Paris. Vijana tunaocheza nao hapa mjini hawajui kwamba mtu huyo wa suti aliongoza NBA nzima kwa wastani wa dakika uwanjani misimu miwili mfululizo: dakika 39.4 kwa mechi msimu wa 2011-12, na 38.7 msimu uliofuata. Mechi nzima ni dakika 48. Hesabuni wenyewe alikuwa akipumzika kiasi gani.

Alizaliwa Wau mwaka 1985. Vita ikaifukuza familia yake hadi Misri, na huko ndiko Manute Bol, Mdinka mwenzao aliyekuwa tayari amecheza NBA, alipomfundisha yeye na kaka zake mpira huu. Kisha Uingereza wakapewa hifadhi, akakulia kusini mwa London na kuchezea Brixton. Akiwa na miaka 14 akavuka kwenda shule New Jersey. Mwaka 2003 waliokuwa wakipanga ubora wa wanafunzi wa sekondari Marekani walimweka wa pili. Wa kwanza alikuwa LeBron James. Akacheza chuo cha Duke mwaka mmoja, na kwenye drafti ya 2004, yaani siku klabu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, Phoenix wakamchagua wa 7, usiku huo huo akahamishiwa Chicago.

Chicago ile ilikuwa bado haijapona tangu nyota wao Michael Jordan aondoke. Msimu wake wa kwanza walipoteza mechi tisa za mwanzo, zote. Wakamaliza na ushindi 47. Mwaka 2007 wakawatoa Miami Heat, mabingwa watetezi, kwa 4-0 kwenye raundi ya kwanza ya mtoano, na Deng alikuwa amemaliza msimu huo kwa wastani wa pointi 18.8.

Sasa niwaeleze ninachokipenda kwake, maana pointi peke yake hazimwelezi.

Deng alikuwa anafunga bila kushika mpira. Wachezaji wengi wa nafasi yake wakipewa mpira wanasimama, wanadunda, wanatazamana na mlinzi, sekunde zinakwisha. Yeye alikuwa akikimbia kwenye mstari wa nyuma, anazunguka skrini, yaani mwenzake aliyesimama kumzibia mlinzi njia, anatokea konani mguu ukiwa tayari, anapokea na kutupa. Au mlinzi wake akigeuza kichwa tu kumtazama Derrick Rose, nyota wa Bulls mwenye mpira, tayari Deng yuko chini ya kikapu. Hakuna mchoro wa kocha uliohitajika. Alikuwa akisoma macho ya mlinzi.

Halafu upande wa pili. Chini ya kocha Tom Thibodeau, kila usiku alipewa mtu hatari kuliko wote wa timu pinzani. LeBron, Durant, Carmelo, Paul Pierce, wote walikuwa wake. Ulinzi wa Thibodeau ulimsukuma mwenye mpira pembeni, kwenye mstari, asipewe katikati hata hatua moja. Mfumo huo unadai mtu wa pembeni mwenye miguu ya kwenda kusaidia chini ya kikapu na bado kurudi kumfunika mtupaji wake konani kabla mpira haujafika. Mtu huyo alikuwa Deng, na alifanya hivyo akiwa na dakika 40 miguuni. Msimu wa 2010-11 Bulls walishinda mechi 62, Rose akawa mchezaji bora wa ligi, na Deng alicheza mechi zote 82. Kwenye fainali ya Kanda ya Mashariki, mechi ya kwanza dhidi ya Miami, Bulls walishinda 103-82 na LeBron akaishia pointi 15. Ni kweli Miami walishinda nne zilizofuata. Lakini itazameni mechi ile ya kwanza muone kazi iliyofanyika.

Januari 2012 aliumia kano za kifundo cha mkono wa kushoto. Upasuaji ungemmalizia msimu. Akaukataa, akaendelea kucheza, akachaguliwa kucheza All-Star, mechi ya nyota wa ligi, kwa mara ya kwanza, na kiangazi akaichezea Uingereza kwenye Olimpiki ya London, jiji lililomlea. Mwaka 2013, katikati ya mtoano dhidi ya Brooklyn, madaktari walimchoma sindano ya uti wa mgongo wakihofia homa ya uti wa mgongo, yakafuata matatizo yaliyomlaza hospitali. Na bado wako watu walioandika kwamba angepaswa kuwa uwanjani!

Baada ya yote hayo, Januari 2014, akiwa kwenye msimu wake bora kabisa, pointi 19 kwa mechi, Bulls wakampeleka Cleveland. Walipewa Andrew Bynum na nafasi za drafti. Bynum hakuvaa jezi ya Chicago. Aliachwa papo hapo, kabla mkataba wake haujawa wa lazima kulipwa, ili klabu ikwepe kodi ya mishahara mikubwa. Yaani mtu aliyewapa miaka kumi alibadilishwa na nafuu ya kodi.

Nauliza wakuu: nani kati yenu anakumbuka Deng mchezaji? Na Chicago wanamdai au wanadaiwa?

—

Kijana wa Adjumani aliandika:

Kaka Fahali, Mungu akubariki kwa uzi huu. Mimi ni wa Sudan Kusini, naishi Adjumani. Kwetu hapa kambini Deng hahitaji kuelezwa, ila umesema kweli kwamba wadogo wanamjua kama kiongozi tu.

Niongeze moja. All-Star ya 2012 kule Orlando, wachezaji walipokuwa wakitambulishwa, yeye alitoka amevaa fulana yenye ramani ya Afrika. Taifa letu lilikuwa halijafikisha hata mwaka mmoja, tulipata uhuru Julai 2011. Angeweza kutoka na jezi ya kawaida kama wengine na hakuna ambaye angemlaumu. Kaka yangu mkubwa hadi leo akieleza kwa nini alianza kucheza anaanzia kwenye fulana ile.

Na msisahau Khaman Maluach. Alizaliwa Rumbek lakini amekulia hapa hapa Uganda, Kawempe. Akapita akademia ya NBA Senegal, mwaka 2024 akawachezea City Oilers kwenye BAL, ligi ya klabu za Afrika, akaenda Olimpiki akiwa na miaka 17, kisha Duke, chuo kile kile cha Deng, na mwaka 2025 akachaguliwa wa 10 kwenye drafti. Njia hiyo nani aliikata? Ni yule yule.

—

Mtu wa Takwimu aliandika:

Fahali, heshima yako mkuu, umeandika kwa moyo. Lakini acha nitetee upande wa Chicago kidogo ili mjadala ukae sawa.

Kwanza, mkataba wa Deng ulikuwa unaisha kiangazi cha 2014. Magazeti ya Marekani yaliandika kwamba alipewa ofa ya miaka mitatu kwa dola milioni 30 akaikataa. Klabu ikimwacha amalize msimu, inaweza kubaki mikono mitupu. Pili, Rose alikuwa ameumia goti tena Novemba 2013, ubingwa haukuwepo mwaka ule. Tatu, Jimmy Butler, kijana wa Bulls, alikuwa ameshaiva, na alicheza nafasi hiyo hiyo. Meneja gani asingefanya walichofanya?

Na nne, tuseme ukweli: klabu ya Los Angeles Lakers walimpa miaka minne na dola milioni 72 mwaka 2016, na msimu wake wa pili alicheza mechi moja tu. Watu wengi Marekani wakisikia jina lake wanakumbuka mkataba ule.

—

Fahali wa Arua aliandika:

Mtu wa Takwimu, hoja zako nazipokea kwa heshima, nazo si za kupuuza. Ya Butler ni kweli kabisa. Butler alikuwa anaiva. Lakini aliiva kwa nani? Misimu yake ya kwanza miwili alikuwa akifanya mazoezi kila siku dhidi ya Deng, na ukimtazama Butler anavyolinda, kifua mbele, mikono haimgusi mtu, miguu ndiyo inayofanya kazi, unaona mwalimu wake.

Kuhusu kutobaki mikono mitupu, hebu tufuate walichopata. Kitu kikubwa kilikuwa nafasi ya raundi ya kwanza ya drafti iliyotoka Sacramento Kings, lakini ilikuwa na masharti: Kings wakimaliza miongoni mwa timu dhaifu, wanabaki nayo. Kings wakaendelea kuwa dhaifu mwaka baada ya mwaka hadi muda ukaisha, nafasi ikageuka ya raundi ya pili, 2017. Bulls wakamchagua Jordan Bell kwa namba 38, na usiku ule ule wakamuuza kwa Golden State Warriors kwa dola milioni 3.5. Pesa taslimu. Mwaka uliofuata Bell alikuwa bingwa wa NBA na Warriors. Ukiondoa nafasi za raundi ya pili kutoka Portland, hapo ndipo miaka kumi ya Luol Deng ilipoishia kwenye vitabu vya Chicago.

Na ya Lakers: alipofika pale alikuwa na miaka 31 na dakika za watu wawili mwilini. Lakers walikuwa wanajenga timu ya vijana na walimweka benchi akiwa mzima. Mkataba aliandikiwa na watu wazima waliojua umri wake. Mwezi Aprili kabla ya mkataba ule, akiwa na Miami, alifunga pointi 31 kwenye mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Charlotte, akikosa mitupo miwili tu usiku mzima. Hiyo mbona hawaikumbuki?

—

Kocha Dada aliandika:

Nimefurahi sana kuuona uzi huu. Nafundisha kikapu wasichana wa sekondari hapa Kampala, na nitasema kitu ambacho takwimu haziwezi kukisema.

Kumfundisha mtoto kufunga si kazi, kila mtoto anataka kufunga. Kazi ni kumfundisha afanye nini akiwa hana mpira, na hapo ndipo ninapomtumia Deng. Nachukua vipande vya video zake, nafunika upande wenye mpira kwa karatasi kwenye kioo cha kompyuta, nawaambia wamtazame yeye tu. Mwanzoni wanasema mwalimu, huyu hafanyi kitu. Baada ya muda wanaanza kuona. Anasogea hatua mbili, mlinzi anavutwa, njia ya mwenzake inafunguka. Anainua mkono kuomba mpira asiouhitaji. Anakimbia hadi kona ya mbali, hapewi pasi, anarudi mbio kulinda na haonyeshi uso wa kununa.

Hilo la kutonuna nalisisitiza mno kwa wasichana wangu. Mwaka 2007 ligi ilimpa tuzo ya uungwana uwanjani, na ukimtazama unaelewa kwa nini.

Kitu kingine. Uwanja wetu ni wa saruji, mvua ikinyesha hatuchezi. Watoto wakisema tutafikaje, nawaeleza kwamba timu ya Sudan Kusini ilifika Kombe la Dunia 2023 na Olimpiki bila uwanja hata mmoja wa ndani nchini kwao. Walifanyia mazoezi Rwanda na kwingineko, Deng akitoa pesa mfukoni mwake.

—

Mlinzi wa Jinja aliandika:

Kocha Dada, hiyo ya karatasi nimeichukua, nitaijaribu na vijana wangu Jumamosi. Asante.

—

Mama wa Kikapu aliandika:

Hakuna aliyegusia la Atlanta, nami naona lisipite. Mwaka 2014 Deng alipokuwa huru kutafuta timu, meneja mkuu wa Atlanta Hawks, Danny Ferry, alisikika kwenye kikao cha simu akisema Deng ana Uafrika kidogo ndani yake, akimaanisha mtu mwenye sura mbili, mzuri kwa nje na wa kufichaficha kwa ndani. Ferry alisema alikuwa akisoma ripoti iliyoandikwa na mtu mwingine, akaomba radhi. Deng alijibu kwa maandishi, bila tusi hata moja, kwamba anajivunia Uafrika wake, na si kidogo bali sana.

Nilikuwa na hasira kwa niaba yake siku nyingi. Ndani ya miezi michache mtu huyo huyo alitolewa Chicago kwa sababu ya kodi, kisha akaitwa hivyo, na bado alikwenda Miami akafanya kazi. Ndiyo maana nikimwona leo amekaa kando ya uwanja na bendera ya Sudan Kusini, huwa nasimama.

—

Mtu wa Takwimu aliandika:

Mama, umenigusa. Hilo la Ferry lilikuwa aibu kwa ligi nzima.

Fahali, ile hesabu ya Jordan Bell ni nzito, siwezi kuipinga. Nabaki na msimamo kwamba kumbadilisha hakukuwa wazimu kwa mahitaji ya siku ile. Lakini nimepekua orodha ya wafungaji wa Bulls wa muda wote. Jordan, Pippen, Bob Love, wa nne ni Luol Deng mwenye pointi 10,286. Jezi za hao watatu wa juu zote zimepandishwa darini United Center, uwanja wa Bulls, kwa heshima. Na Januari 2025 klabu ilitangaza itaistaafisha namba 1 ya Rose pia. Namba 9 ya Deng ilivaliwa baadaye na Rajon Rondo, kisha Nikola Vučević. Kwenye hilo niko upande wako kabisa.

—

Kijana wa Adjumani aliandika:

Kaka Takwimu, sasa umesema. Deng mwenyewe mwaka 2019 alipostaafu alirudi kusaini na Bulls ili aondoke akiwa mtu wa Chicago. Hakuwawekea kinyongo. Wao ndio wanapaswa kumalizia.

Halafu niseme kuhusu Julai 2024, mechi ya kirafiki London. Sisi na Marekani, ile Marekani ya LeBron, Curry na Durant. Tulipoteza 101-100, LeBron akifunga kikapu cha mwisho sekunde nane kabla ya kengele. Usiku ule hapa Adjumani palikuwa na watu wamejaa nje ya kibanda cha video kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Siku chache baadaye kule Olimpiki wakakosea wakatupigia wimbo wa taifa usio wetu, na vijana wakaweka mikono kifuani wakangoja hadi wetu ukapigwa. Kisha wakawafunga Puerto Rico 90-79. Nilipowaona wanalinda, wanakimbilia kona, wanarudi, niliona ulinzi wa Deng kabisa.

—

Mlinzi wa Jinja aliandika:

Mzee Fahali, mimi nina miaka 19, nilikuwa mtoto mdogo wakati huo. Nataka kumtazama, lakini mechi ni nyingi mno. Nianze na ipi?

—

Fahali wa Arua aliandika:

Kijana wangu, anza na ya tarehe 27 Machi 2013, Chicago dhidi ya Miami. Heat walikuwa wameshinda mechi 27 mfululizo, Rose alikuwa nje msimu mzima, Joakim Noah naye hakucheza. Kwetu ilianza saa tisa usiku, na walioamka kuitazama hawakujuta.

Bulls walishinda 101-97 na Deng alifunga pointi 28. Lakini fanya alivyosema Kocha Dada, usitazame mpira. Mtazame namba 9 tangu dakika ya kwanza. Angalia anavyompokea LeBron mapema, hatua nyingi kabla hajafika kwenye kikapu, ili asichukue kasi. Angalia anavyosimama kati ya mtu wake na pasi. Halafu robo ya nne, wakati kila mtu amechoka, hesabu mara ngapi anakimbia uwanja mzima bila kupewa mpira.

Ukimaliza hiyo rudi kwenye mechi ya kwanza ya fainali ya Mashariki ya 2011 niliyoitaja juu. Ukishaziona zote mbili njoo hapa utuambie ulichokiona, nami nitakutafutia za 2007, wakati alipokuwa bado kijana na miguu myepesi.